Onyo la "usiwe mwenye hekima machoni pako" linamlenga nani hasa?

#1 Mwana wa Maweni (Malindi)

Hamjambo wanajamvi. Naomba tulijadili jambo lililotugawa kanisani kwetu hapa Malindi. Tunajenga ukumbi, na lori likaleta mchanga uliochotwa ufuoni kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya mchanga wa mto Sabaki. Binti mmoja aliyesomea ujenzi aliinuka mkutanoni, akachukua chembe za mchanga ule akazionja kwa ncha ya ulimi mbele ya watu wote, kisha akaeleza kwamba chumvi iliyomo huingia ndani ya zege, huzila nondo polepole, na kutu inapovimba hulipasua zege kutoka ndani. Mzee mmoja wa kamati hakumjibu lolote kuhusu chumvi. Alifungua Mithali 3:5, akasoma "wala usizitegemee akili zako mwenyewe", akafunga kitabu, na mkutano ukaendelea na ajenda ya viti.

Sikuja hapa kumsema mzee, kwa maana ni mtu ninayemheshimu na amelitumikia kanisa tangu mimi sijazaliwa. Ninachouliza ni hiki: maonyo haya ya Biblia, kuanzia Mithali hadi nyaraka za Paulo, yaliandikwa kumlenga nani? Msomi anayejivunia vyeti, mzee anayejivunia umri, tajiri, au mtu mwingine kabisa? Mbona kila anayeyanukuu humnukulia mwenzake?

#2 Msomaji wa Ganda

Salamu kwako. Aya ya tano haisomwi ikakatwa hapo. Soma hadi ya saba: "Usiwe mwenye hekima machoni pako, mche BWANA, ukajiepushe na uovu." Kinachopingwa pale ni mtu kujifanya mwamuzi wa mwisho wa mambo yake mwenyewe, akamwondoa Mungu katika hesabu. Ujuzi wa kazi haupingwi, na Biblia imeusifu waziwazi. Katika Kutoka 31 Bezaleli anajazwa roho ya Mungu, na matokeo ya kujazwa huko ni ufundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Katika Isaya 28:23-29 nabii anamweleza mkulima anayejua kwamba bizari haipurwi kwa chombo kizito bali hupigwa kwa fimbo, na anasema wazi kwamba ni Mungu wake anayemfundisha hivyo.

Kwa kipimo hicho, binti alikuwa akisema aliyofundishwa na Mungu kupitia kazi yake, na mzee alitumia andiko kumfunga mtu mdomo.

#3 Fundi wa Matondoni (Lamu)

Assalaam alaykum. Mimi si Mkristo, lakini mada hii ni ya kwetu sote, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiingia. Katika Qurani, Suratul Qasas aya ya 78, Karun anaambiwa amshukuru Mungu kwa mali yake, naye anajibu kwamba amepewa yote kwa sababu ya elimu aliyo nayo. Ardhi ikamdidimiza pamoja na nyumba yake. Na katika Suratu Yusuf aya ya 76 tunaambiwa kwamba juu ya kila mwenye elimu yuko ajuaye zaidi.

Nikija kwenye mchanga wenu, huku kwetu tunakoanzia majahazi, mwanafunzi wa juzi anaruhusiwa kumwambia fundi mkuu kwamba ubao umebunguliwa na wadudu. Fundi hamuulizi umri wake. Huugonga ubao kwa kisigino cha tezo, akausikiliza. Ukilia kwa sauti iliyofifia, unatolewa, hata kama ni fundi mkuu mwenyewe aliyeuchagua. Mzee wenu angeuonja mchanga.

#4 Kibaraza cha Barani

Tangu lini jukwaa hili likamkosa mtu mwenye hekima machoni pake? Hesabuni majina yaliyochangia hapo juu, na mkimaliza liongezeni langu.

#5 Mvuvi wa Mayungu

Msomaji wa Ganda ameupunguza mno uzito wa onyo. Anasema ujuzi wa kazi haupingwi, lakini Matendo 27 inasema nini? Paulo, mfungwa asiye baharia, aliwaonya kwamba safari ile ingekuwa na madhara. Akida wa Kirumi aliyewasimamia wafungwa akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo, yaani aliwasikiliza wataalamu. Upepo wa kusi ukavuma polepole, wakadhani wamepata walichokitaka, wakang'oa nanga. Muda si mrefu ikawashukia tufani ya Eurakilo, wakapeperushwa usiku kumi na nne, mpaka merikebu ikakwama pwani ya Melita na kuvunjika tezi, yaani sehemu yake ya nyuma. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa utaalamu kushindwa na neno la mcha Mungu. Wahenga wetu walisema akili nyingi huondoa maarifa, na nahodha yule alikuwa na akili nyingi.

#6 Nahodha Mstaafu (Lamu)

Mwanangu wa Mayungu, sura hiyo nimeisoma mara nyingi kwa jicho la kazi, na haisemi ulivyoieleza.

Kwanza, Paulo hakuwa mgeni wa bahari. Katika 2 Wakorintho 11:25, waraka ulioandikwa kabla ya safari hiyo ya Rumi, anasema alikwisha kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, na mara moja alikesha na kushinda kilindini. Mtu wa namna hiyo akikuambia usitweke tanga, ni mzoefu anayezungumza. Pili, aya ya 9 inataja kwamba siku ya kufunga ya Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita, yaani ilikuwa mwisho wa Septemba au ndani ya Oktoba, wakati ambapo kila mwanamaji wa bahari ile alijua kwamba hatari imeanza. Malaika alimtokea baadaye, katika aya ya 23, dhoruba ikiwa tayari imewashika. Tatu, linganisha aya ya 10 na ya 22: mwanzoni Paulo alitaja madhara ya roho za watu, kisha akatangaza kwamba hakuna atakayepotea, na kweli wote 276 walifika pwani. Aliyesema mwanzoni alisema kwa makadirio ya mtu mzima mwenye macho.

Nne, na hili ndilo watu hulipita mbio. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, ni Paulo huyohuyo aliyemwambia akida kwamba hawa wasipobaki chomboni, ninyi hamwezi kuokoka. Ahadi ya malaika alikwisha kuipata, lakini bado aliwataka wenye ujuzi wa kamba na tanga wabaki.

Sasa mniambie kiburi kilikuwa wapi. Aya ya 12 inasema bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi, na walio wengi ndio walioshauri kuondoka. Mithali 11:14 inasema wingi wa washauri huleta wokovu, na pale washauri walikuwa wengi. Sisi husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi naona sababu ni shehena: ilikuwa merikebu ya Iskanderia, na katika aya ya 38 wanaitupa ngano baharini. Mwenye ngano alikuwa na haraka ya soko. Hiyo tamaa isibebeshwe jina la kiburi cha hekima.

Nyongeza tu kwa wanaosoma sura hiyo wakiwa pwani yetu: kusi iliyowadanganya wao ilikuwa ya upole. Kusi yetu ya Juni haimdanganyi mtu, inamfungia bahari mlangoni.

#7 Mvuvi wa Mayungu

Shikamoo Mzee. Nimekusoma, lakini bado sijaridhika. Ikiwa Paulo alisema kwa uzoefu tu, basi alikuwa mtaalamu mmoja dhidi ya wataalamu wawili, na akida alikuwa na haki ya kuwafuata wenye chombo. Luka asingeihifadhi habari hiyo kwa urefu wote ule kama ingekuwa mabishano ya kawaida ya bandarini.

#8 Mpenda Historia (Malindi)

Niwape mfano ulioanzia kwenye ufuo huuhuu. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498 akiwa ameizunguka ncha ya kusini ya Afrika, lakini bahari iliyokuwa mbele yake hakuijua. Mfalme wa Malindi alimpa rubani, Ibn Majid mashuhuri, na kwa kufuata mwanzo wa msimu wa kusi wakaiona nchi ya Calicut kwa siku zisizofika 30. Wakati wa kurudi aliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ikiwa haijaanza, akitegemea akili zake. Safari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu, mabaharia wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye, na alipofika tena Malindi Januari 1499 hakuwa na watu wa kutosha kuendesha vyombo vyote, ikabidi merikebu São Rafael ichomwe moto kusini mwa Mombasa. Huyo ndiye mwenye hekima machoni pake.

#9 Nahodha Mstaafu (Lamu)

Bwana Mpenda Historia, habari ya Ibn Majid inasimuliwa sana, lakini wanahistoria wengi wameiacha. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani yule kuwa Mwislamu wa Gujarati, na Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Julfar. Mengine uliyoyasema yako sawa, isipokuwa hukumu. Da Gama aliondoka akiwa amegombana na mtawala wa Calicut, na mtu anayekimbia hangoji msimu. Huenda ni kiburi, huenda ni hofu, huenda alikuwa na vyote viwili.

#10 Mwalimu wa Kisumu Ndogo

Nawashukuru kwa mchango wa baharini, lakini naona tumesahau kwamba Paulo ameandika moja kwa moja kuhusu jambo hili, na hali aliyokuwa akiijibu inajulikana. Kanisa la Korintho liligawanyika: huyu ni wa Paulo, yule wa Apolo, mwingine wa Kefa. Ndipo anapowaambia, katika 1 Wakorintho sura ya tatu, kwamba mtu akijidhania kuwa mwenye hekima na awe mpumbavu kwanza. Katika sura ya nane anasema "ujuzi huleta majivuno, bali upendo hujenga", na mada pale ni nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Wenye ujuzi walikuwa na hoja sahihi, kwani Paulo mwenyewe anakubali kwamba sanamu si kitu. Kosa lao lilikuwa kula mbele ya ndugu dhaifu bila kujali atakavyoumia. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa sahihi kabisa katika hoja na bado onyo likamwangukia, na jambo hilo halijasemwa na yeyote hapo juu.

Halafu mtazameni huyo Apolo. Matendo 18 inamwita mtu wa elimu, mzaliwa wa Iskanderia, hodari katika Maandiko. Alipohubiri sinagogini huku akiujua ubatizo wa Yohana tu, walimchukua kando wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, na waliomchukua walikuwa Priskila na Akila, mke na mume, washona hema. Msomi akafundishwa na mafundi, mmoja wao mwanamke, wala hatusomi kwamba alinukuu Mithali ili kujikinga.

#11 Kibaraza cha Barani

Mwalimu, hapo penye washona hema umewagusa wengi. Nasubiri kuona kamati ipi itakuwa ya kwanza kusema sura hiyo haimo katika Biblia yao.

#12 Mtoto wa Mambrui

Mimi ninaamini onyo hili linamhusu zaidi mwenye mali. Baba yangu mdogo, karani mstaafu, alinunua shamba kwa fedha zake za kiinua mgongo. Mama alimsihi aende kwanza ofisi ya ardhi akahakikishe hati ni ya nani. Alijibu kwamba amesoma makaratasi maisha yake yote na hakuna karatasi inayoweza kumdanganya. Shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Alipokuwa karani mdogo alikuwa akiuliza kila kitu. Aliacha kuuliza pale fedha zilipoingia mfukoni. Mithali 28:11 inasema tajiri ni mwenye hekima machoni pake, lakini maskini mwenye ufahamu humchunguza.

Kitabu cha Ezekieli kinalisema jambo hilohilo kwa mji mzima. Sura ya 27 inauchora mji wa Tiro kama merikebu, na inataja shehena zake moja baada ya nyingine: fedha na risasi, pembe za ndovu, ngano, divai, manukato. Kisha katika sura ya 28 mkuu wa Tiro anaambiwa kwamba kwa hekima yake katika biashara ameongeza utajiri, na moyo wake umeinuka kwa sababu ya utajiri huo hata akasema yeye ni Mungu. Hekima kwanza, mali ikafuata, kiburi kikaja mwisho. Hata sisi tuna Gede, mji uliokuwa tajiri na sasa ni magofu msituni.

#13 Mpenda Historia (Malindi)

Tiro nakubali, ila Gede iacheni. Watu waliihama katika karne ya 17, na sababu zinazotajwa na wataalamu ni visima kukauka, mashambulizi na biashara kubadilika, wala hawajakubaliana. Hakuna nabii aliyeiandikia Gede, na si haki kuwabebesha marehemu dhambi kwa sababu nyumba zao zimebomoka.

#14 Kijana wa Muyeye

Naomba ruhusa ya wakubwa. Sisi vijana tukisema tunaambiwa tuna kiburi, lakini katika Ayubu 32 kuna Elihu, kijana aliyenyamaza mpaka wazee wakakosa jibu, ndipo akasema kwamba si wakubwa wa umri pekee walio na hekima, bali pumzi ya Mwenyezi ndiyo inayowapa watu akili. Mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia Elifazi na wenzake wawili, na Elihu hatajwi. Kwangu mimi huo ni ushahidi kwamba kijana yule alikubaliwa.

#15 Msomaji wa Ganda

Kijana wangu, endelea kusoma hadi 36:4, ambapo Elihu anamwambia Ayubu kwamba mkamilifu wa maarifa yuko pamoja nawe. Wapo wafasiri wanaosema anamtaja Mungu, lakini wengi huona anajitaja mwenyewe, na mtu anayejiita hivyo baada ya kuzungumza sura nne mfululizo hawezi kuwa shahidi wako wa unyenyekevu. Kutotajwa kwake mwishoni kunaweza pia kumaanisha kwamba Mungu hakuona haja ya kumjibu. Na mara tu anapomaliza, sauti inatoka katika upepo wa kisulisuli ikiuliza ni nani huyu atiaye mashauri giza kwa maneno yasiyo na maarifa.

#16 Kijana wa Muyeye

Lakini aliyejibiwa hapo ni Ayubu, kwa maana 38:1 inamtaja kwa jina, na Ayubu mwenyewe anayakariri maneno hayo katika 42:3 akiyapokea kuwa yake. Elihu hajaguswa.

#17 Mama wa Kwaya (Malindi)

Nimewasoma wote kwa utulivu, na nashangaa hakuna aliyemtaja Ahithofeli. Huyu ndiye mfano mgumu kuliko wote. Ushauri wake siku zile ulihesabiwa kama mtu aliyeuliza neno la Mungu. Alimshauri Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi baba yake, amfuate Daudi usiku uleule akiwa amechoka, na kivita ushauri ulikuwa mwema. 2 Samweli 17:14 yenyewe inauita hivyo na kusema Bwana alikusudia kuuvunja. Hushai akaleta shauri la kuchelewesha, likapendwa. Ahithofeli alipoona shauri lake halikufuatwa, alitandika punda, akaenda mjini kwake, akatengeneza mambo ya nyumba yake, akajinyonga. Kwangu mimi hicho ndicho kiburi cha hekima: mtu kushindwa kuendelea kuishi kwa sababu hakusikilizwa.

#18 Mpenda Historia (Malindi)

Mama, unganisha 2 Samweli 11:3 na 23:34. Bathsheba, yule mke wa Uria ambaye Daudi alimtwaa, ni binti Eliamu, na Eliamu anatajwa kuwa mwana wa Ahithofeli. Ikiwa ni Eliamu mmoja, basi mzee yule alikuwa babu wa Bathsheba, na alikuwa na kisasi na Daudi. Tena mshauri mwenye akili alijua kwamba Absalomu akichelewa atashindwa, na waasi walioshindwa hawaachwi hai. Huenda aliona tu mwisho wake mapema kuliko wengine.

#19 Fundi wa Matondoni (Lamu)

Mama wa Kwaya amenikumbusha kisa kinachokwenda kinyume na hicho. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Nabii Musa aliulizwa ni nani mwenye elimu zaidi kati ya watu, akajibu kwamba ni yeye. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kutoirudisha elimu kwake, akamjulisha kuna mja wake penye makutano ya bahari mbili anayejua asiyoyajua Musa. Musa hakuona haya. Alifunga safari, akaomba kufuatana na Khidhri ili ajifunze, na jambo la kwanza aliloliona ni mwalimu wake akiitoboa jahazi ya maskini. Fundi yeyote angepiga kelele, na Musa alipiga kelele. Baadaye akaelezwa kwamba nyuma yao palikuwa na mfalme anayepora kila jahazi nzima. Sasa mnieleze: Musa alipolalamika kuhusu tundu, alikuwa na kiburi, au alikuwa akisema kweli aliyoiona kwa macho yake?

#20 Msomaji wa Ganda

Swali zuri, Maalim. Mimi narudi kwa Yeremia 9:23-24. Mwenye hekima asijisifu kwa hekima yake, wala mwenye nguvu kwa nguvu zake, wala tajiri kwa utajiri wake; ajisifuye na ajisifu kwamba anamjua Bwana atendaye wema, hukumu na haki. Hapo msomi na tajiri aliowauliza Mwana wa Maweni wamo, na njia ya kutoka imeonyeshwa.

#21 Mwalimu wa Kisumu Ndogo

Njia hiyo ya kutoka ndiyo ninayoiogopa zaidi. Mfarisayo wa Luka 18 hakujisifu kwa vyeti wala kwa mali. Alisimama hekaluni akijisifu kwa Mungu, na alianza kwa kushukuru. Mzee mwenye Mithali mkononi naye atasema anajisifu katika Bwana.

#22 Mama wa Kwaya (Malindi)

Paulo anainukuu aya hiyohiyo ya Yeremia katika 1 Wakorintho 1:31, akiwaandikia watu ambao kila kundi lilidhani linamjua Bwana kuliko jingine. Halafu kuna jambo ambalo Nahodha Mstaafu amelipita. Umetumia 2 Wakorintho 11:25 kuthibitisha kwamba Paulo alikuwa mzoefu wa bahari. Ianze sura hiyo kutoka aya ya 16, Mzee wangu. Orodha yote ile, fimbo, vifungo na kuvunjikiwa jahazi mara tatu, Paulo anaitoa huku akisema ananena kama mpumbavu, kwa kuwa wapinzani wake walijisifu naye akalazimika kujisifu. Ikiwa kutaja uzoefu wako ni upumbavu hata kwa mtume, basi akida angemtambuaje mzoefu kati ya watu watatu waliosimama mbele yake, kila mmoja akidai kuijua bahari?